Mathieu Aliingia mu Sanduku na Funguo mu Mufuko

Jambo yenu wote. Ba Schaerbeek, ba Saint-Josse, ba Ixelles, jambo. Na wewe maman mwenye iko na pasi mu mukono sasa hivi, punguza moto, usiunguze pagne ya muntu. Ni miye, papa Désiré. Wasikilizaji wapendwa, leo mutanivumilia, juu nitazunguka kidogo. Lakini nitafika.

Leo tunakumbuka muntu mumoja. Jina yake Mathieu. Mathieu wa cordonnerie ya Saint-Josse, mwenye alikuwa anatengeneza viatu na kuchonga funguo. Mathieu wa Likasi, kule kwetu Congo. Tulimuzika samedi, jumamosi yenye ilipita. Mvua ilinyesha, kiisha jua ikatoka, kiisha mvua tena. Munaijua Bruxelles yetu, haijue kuamua.

Sasa, mukisikia ninacheka leo, musiseme papa Désiré amekosa heshima. Bibi wa ndoa ya Mathieu, maman Alphonsine, njo alinituma. Alisema: "Papa Désiré, ukifika ku radio usiende kulia. Eleza ile ya film. Ile njo ilituponyesha." Donc nitaeleza ile ya film.

Film yenyewe wengi munaijua. Inaitwa Le Mort de la rue Josaphat, Mufu wa barabara ya Josaphat. Ni film ya polisi, ya muuaji kutafutwa. Ilitengenezwa hapa kwetu, mwaka deux mille sept, elfu mbili na saba. Ikaonyeshwa deux mille huit, mwaka wenye ulifuata. Na ilitoka mu kitabu. Kwanza kitabu, nyuma film. Kitabu iliandikwa na madame mumoja Mubelge, madame Anne-Marie. Alikuwaka infirmière, wale wa kutembelea bagonjwa mu manyumba, huku Schaerbeek. Miaka na miaka aliingia kwetu, alikunywa chai yetu yenye sukari mingi, aliona vilio vyetu. Alipopata pension yake, akaandika kitabu.

Mimi kitabu sikusoma. Masomo yangu ilisimama ku quatrième primaire, darasa ya ine, na ile quatrième yenyewe mvua ilikuwa inaingia mu classe. Ni Mathieu alinielezea yote, akiwa na misumari mu kinywa, anapiga talon, kisigino ya kiatu. Mu kitabu, Mucongolais mumoja anauawa. Muntu wa peke yake, hana ndugu. Majirani banamufanyia kilio. Inspecteur anakuja, anaikala mu kona, anaangalia bantu.

Sasa munajua desturi yetu. Ukifika ku kilio, hauulize ku mulango. Unaingia na machozi. Unalia kwanza. Kiisha unaikala, banakupa maji, na pale njo unauliza polepole muntu wa pembeni: "Na alikufa na nini?" Kila muntu anauliza. Basi mu kitabu, kuko mumoja analia muzuri, anaikala, anakula, kesho anarudia, na hata mara moja hakuuliza alikufa na nini. Inspecteur anasema: huyu haulize juu anajua. Njo muuaji.

Kitabu ya akili. Mushike ile desturi, wasikilizaji wapendwa. Unalia kwanza, unauliza nyuma. Mushike, juu njo ilituletea mambo.

Tuache film kidogo. Turudie ku Mathieu mwenyewe.

Mathieu alikuwa na mukubwa yake, Séraphin. Baba moja, mama moja. Séraphin alitangulia Ulaya, anaikala Liège, anafanya kazi mu boulangerie, anaoka mikate. Alipata papiers, makaratasi ya kuikala, mapema. Mathieu alikuja nyuma, akaikala miaka mingi bila papiers. Mwaka dix-neuf cent quatre-vingt-dix-neuf, miaka nane mbele ya film, mama yao akafa kule Likasi. Séraphin alienda kuzika. Mathieu hakuenda. Angetoka hapa, hangeingia tena. Dossier yake ilikuwa ku meza ya bantu, anangoja jibu.

Séraphin aliporudia toka Likasi, alipita kwa mudogo yake. Miye nilikuwa pale, nilileta kiatu. Hakuikala hata. Alibaki wima ku mulango, na koti yake.

Alisema: "Wewe hauko mutoto ya mama. Mutoto anazika mama yake."

Mathieu alisema: "Yaya, mukubwa wangu, ungejua vile ninalala."

"Sitaki kujua vile unalala. Na siku utakufa, mimi sitakanyaga ku kilio yako."

Bon, kichwa ngumu ni ya familia. Mathieu akamujibu: "Usisumbuke. Mimi mwenyewe sitakupigia simu ya kukuita."

Pengine leo munacheka. Ile siku hatukucheka. Kwetu, muntu kusema hatakanyaga ku kilio ya ndugu yake, ile neno hairudie mu kinywa. Toka pale, hakuna simu. Hakuna Noël. Liège ni pale tu, unapanda train na gazeti, mbele ya kumaliza gazeti umefika. Lakini miaka nane hakuna mwenye alipanda. Miaka nane, ndugu ya tumbo moja.

Na Mathieu alikuwa na kitu kingine mu roho. Aliniambia mara moja tu. Alizima machine, akafuta mikono, akasema: "Désiré, unazani mama alikufa ananikasirikia?"

Mwenye alikuwa ku kitanda ya mama ni Séraphin. Na Séraphin haseme. Njo ile ilikuwa inamukula Mathieu. Hakuwa muntu wa kulia, alikuwa muntu wa kufanya mizaha. Lakini hakulala muzuri hata usiku moja, Alphonsine njo anajua. Alikuwa anaamuka, anaenda kupanga viatu ya batoto mu couloir, pale kati ya vyumba.

Haya. Sasa film.

Deux mille sept, muntu mumoja akaingia mu cordonnerie kuchongesha funguo. Ndevu mingi, foulard. Ni monsieur Ghislain, réalisateur, njo alikuwa anatengeneza ile film. Alikuwa anatafuta figurants. Figurant ni muntu anaonekana mu film bila kusema kitu. Kwa ile kilio alipata bamaman wa kulia, alipata bapapa wa kuikala, alipata na wa kubeba sanduku ya kuzika. Mimi nilikuwa mu wale wa kubeba, na gants nyeupe mu mikono. Kitu moja tu alikosa. Mufu.

Hakuna Mucongolais alikubali kulala mu sanduku. Pasteur mumoja alisema ni zambi. Papa mumoja alisema: "Mimi niko na tension, damu inapanda. Nitaingia, kiisha film yenu itaisha na mimi nitabaki mule." Balinipiga macho miye, nikaangalia chini. Mathieu akacheka. Alisema: "Mimi nitalala. Toka nifike Ulaya nimesimama tu. Balete hiyo sanduku nipumuzike."

Alienda kumuambia Alphonsine. Ile mazungumuzo Alphonsine mwenyewe alinirudilia tena hii juma, na alikuwa anatabasamu.

Alimuambia: "Mathieu, lufu haichezewe. Muntu hachezi na kifo."

"Sichezi. Ninalala tu."

"Unalala ku kitanda yangu kila siku na haujue kunyamaza. Unakoroma sawa camion. Leo mu sanduku njo utanyamaza?"

"Monsieur Ghislain alisema nikikoroma banakata."

Alphonsine aliwaza. Kiisha akasema: "Bon. Utaingia. Lakini utaingia na funguo ya cordonnerie mu mufuko. Muntu mwenye iko na funguo mu mufuko, kuko mulango inamungoja. Lufu ikipita pale ikikuangalia, ijue juma ikianza, lundi, uko na kazi."

Na aliongeza: "Mimi sitakuwa pale. Sitaki kuwa mujane, hata ya uongo." Ile siku alichukua batoto, akaenda kwa dada yake Namur.

Donc siku ya film ikafika. Nyumba banakodi rue Josaphat. Bantu ya décor, wale wa kupamba fasi, balifanya kazi muzuri. Balifanya muzuri kupita. Viti ya plastique mpaka inje, ku trottoir ya barabara. Bamaman na pagne moja, vitambaa mu kichwa. Na ku dirisha, picha ya Mathieu, kubwa hivi, na maua, na mishumaa. Mu salon, sanduku wazi, Mathieu ndani na costume nyeusi, madame mumoja wa poudre amemupaka uso mpaka rangi ikapotea. Mimi nilijua iko muzima. Nilimuona anakula sandwich asubuhi. Lakini niliangalia kifua yake, kama inapumua.

Simu yake banamutosha mu mufuko, bakaweka mu chumba ya nguo. Funguo banataka kumutosha pia. Alikatala. Alisema: "Hii iko na ruhusa ya bibi."

Sasa pale rue Josaphat, wasikilizaji wapendwa, anapita maman Rolande. Munamujua maman Rolande, mwenye anaimba mu chorale ya kanisa. Anatoka ku soko, sachet mukono huu na mukono huu. Anainua macho. Anaona picha ya Mathieu na mishumaa.

Aliuliza? Apana. Desturi ni desturi. Maman Rolande alitupa sachet ku mulango, akaingia na kilio ile ya kweli, ya kutoka mu tumbo. "Mathieu ee, Mathieu, na viatu yangu nilikuachia, nani atanirudishia." Akazunguka sanduku, akaanguka, akasimama. Bamaman wa film bakaona huyu anajua kulia, bakamufuata.

Kijana wa film, mwenye casque ku masikio, akamusogelea. "Madame, c'était magnifique. On la refait? Muzuri sana, turudie?"

Maman Rolande alizani huyu ni kijana ya pompes funèbres, wale wa kuzika. Alimuangalia. "Kurudia nini, mutoto wangu?"

"Kuingia. Na kulia. Sawa vile vile."

Alisema mu roho yake: labda ni desturi ya Babelge. Akatoka, akaingia, akalia mara ya pili. Banamuomba mara ya tatu. Akalia mara ya tatu. Ku ya ine alisema: "Kijana, niko na samaki mu sachet, inaanza kunuka. Ninaenda kuita chorale." Na akaenda.

Mimi nilikuwa mu chumba ya nyuma na wale wa kubeba, tunakunywa kahawa. Nilisikia ile kilio. Nilibaambia benzangu: huyu maman banamuchagua muzuri.

Muliona? Alilia, lakini hakuikala, hakunywa maji, hakufika ku saa ya kuuliza. Kama tunafuata kitabu ya madame Anne-Marie, maman Rolande njo angefungwa.

Akaanza kupiga simu. Huyu akamuambia huyu. Mutasema: juu ya nini hakuna mwenye alimupigia Alphonsine? Juu mujane hapigiwe simu. Mujane anatembelewa. Bakaenda ku nyumba yake, bakagonga, hakuna muntu. Bakasema, munaona, iko ku morgue, na mufu. Bakapiga simu ya Mathieu. Inalia, inalia, hakuna wa kuchukua. Bakasema, munaona. Na saa ya midi, saa sita, dada mumoja wa Liège akamupigia Séraphin mu boulangerie.

Séraphin hakuuliza pia. Alifunga simu. Alitoka na tablier yake ya kazi ku kifua, akapanda train na unga mu mikono.

Nyuma ya midi, rue Josaphat ikajaa. Chorale ilifika. Masufuria ya wali ilifika. Monsieur Ghislain anaangalia ku dirisha, anauliza wale bantu wote banatoka wapi. Kijana wa casque anasema sijui, lakini banajua kazi, tubaache. Monsieur Ghislain akafurahi. Akasema kamera itembee. Bantu banyamaze, na yule mwenye atasikia huzuni alie.

Mimi nilikuwa nimesimama ku kichwa ya sanduku. Gants nyeupe, mikono mbele. Kamera inatembea. Na pale ku mulango ninaona Séraphin.

Nilimujua mara moja, hata na mvi. Nilitaka kumuita, lakini kamera ilikuwa inatembea. Séraphin hakuona kamera. Hakuona mataa. Alisemaka nyuma: "Nilizani ni ile mataa banaweka ku mufu." Alipita katikati ya bantu, akafika ku sanduku, akapiga magoti. Hakulia kwa sauti. Alisema. Polepole, sawa vile unasemesha muntu mwenye iko karibu.

"Mathieu. Mathieu wa mama. Nilisema sitakanyaga. Angalia, nimekanyaga."

Akashika sanduku na mikono yake yenye unga. Kiisha akaendelea.

"Mudogo yangu, nilikuficha neno. Mama hakukukasirikia. Siku ya mwisho alinishika mukono. Alisema: Mathieu asikuje. Abaki kule, papiers yake isipotee. Umuambie nimemubariki. Alisema umuambie, Mathieu. Sikukuambia. Nilikuwa na wivu. Mimi njo nilikuwa pale, nilimunywesha maji, nilimubeba mpaka ku kaburi. Na baraka akakutumia wewe."

Wasikilizaji wapendwa, ndani ya ile salon bamaman baliweka vitambaa ku macho. Bazungu habakusikia hata neno ya Swahili, lakini balisimama sawa miti. Na mimi nilikuwa juu ya sanduku, ninaona uso ya Mathieu. Poudre ilianza kufanya njia. Njia moja upande huu. Njia moja upande huu. Mufu alikuwa analia.

Hakufungua macho. Banamuambia asifungue macho. Alifungua kinywa kidogo tu, na akasema:

"Yaya. Rudilia tena."

Maman Rolande alikuwa ameingia na kifuniko ya sufuria mu mukono. Kifuniko ilianguka. Yeye alijikuta ku trottoir, kiatu moja ku muguu, ingine ilibaki mu salon. Nusu ya chorale ilimufuata.

Séraphin hakukimbia. Aliweka mukono ku kifua ya mudogo yake. Alisikia roho inapiga. Aliacha mukono pale, akasikiliza sawa docteur. Kiisha alimupiga kofi. Kofi ya mukubwa, kwa mufu mu sanduku. "Mujinga wewe." Kiisha akamukamata, akamukumbatia mule mule mu sanduku, na unga yote ikabaki ku ile costume nyeusi.

Kitu kikalia mu mufuko ya Mathieu. Séraphin akauliza: "Nini inalia?"

"Funguo ya cordonnerie. Alphonsine alisema niingie nayo, lufu ijue niko na kazi lundi."

Séraphin akasema: "Bibi yako amekupita akili mbali sana."

Na akarudilia. Mathieu alimuomba arudilie, akarudilia. Mama hakukukasirikia. Mama alikubariki. Pale pale, mbele ya bantu wote. Mimi niliingia mu chumba ya nyuma, nikatosha gants, nikaikala. Ilikuwa sawa muntu amenitua sanduku ku bega.

Bon, wali ilikuwa imepikwa. Haikutupwa. Ile kilio ya uongo ikageuka karamu, bazungu wa film banakula na mikono. Maman Rolande alirudia kutafuta kiatu yake. Alimuambia Mathieu:

"Nimelia mara tatu, Mathieu. Mara tatu."

"Maman Rolande, pardon. Siku ya kweli utalia tena."

"Siku ya kweli sitalia. Yako nilikwisha kumaliza."

Alphonsine alirudia toka Namur, akakuta shemeji yake ku meza, amejaa unga. Miaka nane hakumuona. Alishika ku ukuta. "Nani amekufa?"

Mathieu akamujibu: "Mimi. Lakini nimerudia, niko na kazi."

Sasa ile picha ya Séraphin, yenye kamera ilikamata. Monsieur Ghislain alikuja siku ingine ku cordonnerie, kofia mu mukono. Aliomba aiweke mu film. Bandugu balizungumuza, bakakubali, na sharti moja: maneno ya Séraphin isiandikwe chini ku français. Ibaki mu Swahili. Mwenye anasikia asikie. Monsieur Ghislain aliheshimu. Mukiangalia film, mutaona mugongo ya Séraphin, mutaona unga mu mikono, mutasikia sauti. Banakata mbele ya machozi. Mufu akilia, film ya polisi inakuwa ingine.

Mwaka deux mille huit, tulienda kuiona mu salle moja ya cinéma karibu na Porte de Namur, kule mwanzo ya Chaussée d'Ixelles. Fasi ile ikafika. Bazungu bananyamaza, hawajui. Sisi nyuma tunapanguza pua. Madame mumoja wa mbele akageuka, akauliza Mathieu: "Anasema nini yule?" Mathieu akamujibu: "Ni mambo ya mama yake, madame."

Na madame Anne-Marie, mwenye kitabu, alikuwa pale. Kitabu ilipochapishwa mara ya pili, alibadilisha. Mara ya kwanza, munakumbuka, mufu hakuwa na ndugu. Mara ya pili alimupatia ndugu. Ndugu mwenye anakuja toka Liège. Siku zote film inafuata kitabu. Ile mara kitabu ilifuata film.

Toka pale, kila dimanche, kila jumapili, Séraphin alikuwa anafika na mikate. Musizani baligeuka malaika. Baligombana ku muchezo ya carte, baligombana ku football, baligombana kama mama alikuwa anaweka nyanya mu sombe, yale majani ya muhogo, ao haweki. Lakini ile ni magombano ya bantu wenye batakutana dimanche ingine.

Mwaka deux mille dix, miaka tatu nyuma ya film, Mathieu akiwa na papiers yake, balienda Likasi pamoja. Ku kaburi ya mama, Séraphin alisema: "Mama, nimemuambia. Nilichelewa, lakini nimemuambia." Mathieu aling'oa majani mpaka jua ikashuka. Aliporudia, nilimuuliza habari ya kwetu. Alisema kitu moja tu: "Désiré, ninalala." Na Alphonsine anashuhudia. Viatu ya mu couloir haikupangwa tena usiku. Alikoroma mpaka mwisho.

Mwisho yenyewe ilikuwa juma ilipita, hii novembre ya deux mille dix-huit, miaka kumi na moja nyuma ya film. Roho yake ya kifua ilikuwa imechoka toka mwaka jana. Ilikuwa asubuhi, ku hôpital. Alphonsine pembeni, na binti yao Sephora. Aliomba bamufungulie dirisha. Balifungua. Njo vile.

Alphonsine akapiga simu Liège. Alisema: "Shemeji, Mathieu ametuacha."

Alphonsine anasema alisikia machine ya kukanda unga nyuma yake, kiisha akasikia banaizima. Halafu Séraphin akauliza:

"Funguo iko wapi? Mu mufuko yake?"

"Iko hapa. Mu mukono yangu."

"Haya," Séraphin alisema. "Ninakuja."

Mu église, samedi, sanduku ilikuwa wazi. Maman Rolande alilia. Alilia sana, na hakuna mwenye alimuomba arudie. Séraphin alikaribia, mikono safi, costume nyeusi. Aliingiza mukono mu mufuko ya veste ya mudogo yake. Upande huu. Kiisha upande ingine. Funguo haikuwa mule. Akatikisa kichwa, akamunyoosha col ya shati.

Pasteur alimuita aseme neno ya familia. Séraphin alisimama. Alisema: "Yangu nilisema deux mille sept. Alisikia." Na akaikala. Mimi nilikuwa nimeikala ku banc ya nyuma yake. Nimezika bantu wengi huku Ulaya, nimeona ndugu wengi banaongea na sanduku, banaomba sanduku samahani. Mabega ya Séraphin ilikuwa imetulia. Alikuwa na huzuni, lakini alikuwa ameshiba.

Wasikilizaji wapendwa, kwa maman Alphonsine, kwa Sephora na bandugu yake, kwa tonton Séraphin kule Liège, kwa familia yote ya Likasi: poleni. Sisi wote tuko nanyi. Mungu amupokee Mathieu, na kama kule kuko viatu ya kutengeneza, bamupatie kwanza kiti.

Na wewe mwenye unanisikia, uko na neno ya muntu mu mufuko? Neno balikutuma, na haujamupa? Mathieu alipata bahati, balimulilia akiwa anasikia. Mimi na wewe hakuna mwenye atatutengenezea film. Mukimaliza kunisikiliza, zima radio, chukua simu.

Kuko na tangazo moja, familia iliomba niitoe. Wale mulikuwa mumeacha viatu kwa Mathieu, viatu yenu iko. Alikuwa amemaliza karibu yote. Ya maman Rolande iko pia, talon mupya. Funguo Alphonsine amemupa Sephora. Cordonnerie inafungua lundi.